Hodi ya Tatu

Jana binti yangu kaniambia, "Mama, twende tukamtazame yule bibi wa nyumba ya pili, karudi kutoka Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar." Nikamwambia twende kesho. Nikaingia jikoni, machozi yakinilengalenga.

Mimi nami nilitoka hukohuko, nikarudi hapa Ngamiani, Tanga, kwa basi, baada ya dripu ya pili ya ile dawa nyekundu ya saratani. Nywele zishapukutika, kila chakula kina ladha ya chuma, na udi niliopenda tangu usichana ukawa unanitapisha. Wageni hawakukatika. Huyu na pole yake, yule na "jikaze, mwanamke," na wapo waliokaa kitandani pangu wakinihadithia marehemu wao waliokufa kwa saratani hiyohiyo ya titi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo nilivyolelewa. Nikicheka nao, wakiondoka, natetemeka.

Ijumaa moja, wanaume wako msikitini, nikatia komeo mlangoni.

Nikajilaza sakafuni bila mkeka, saruji baridi mgongoni, kanga nimeitupa, kichwa wazi. Mara kandambili barazani. "Hodi." Nikaziba mdomo kwa kiganja. "Hodi, wenyewe." Alikuwa jirani yangu, aliyenifulia nguo tangu nipasuliwe. Hodi ya tatu aliitoa kwa sauti ya chini, kama anayejua kuwa nipo. Kimya. Kitu kikawekwa chini, kandambili zikaondoka taratibu.

Hapo nikalia. Si kile kilio cha kumeza mbele ya wanangu. Nililia kwa sauti mpaka kamasi, nikamwambia Mungu naogopa. Neno hilo nilikuwa sijamtamkia mtu yeyote, hata daktari. Kisha usingizi ukanichukua palepale. Nilipofungua mlango nikakuta bakuli la uji wa mchele limefunikwa kawa, na ndimu moja pembeni. Nikaikamulia humo, nikaunywa wote.

Tangu hapo Ijumaa mchana ikawa yangu. Wifi yangu akasema nimeota kiburi. Na jirani yule alihamia Pangani kabla sijamweleza kwa nini sikufungua. Mpaka leo hilo linaniuma, ingawa sijui ningefanyaje vingine.

Leo asubuhi tumekwenda. Nimepiga hodi mbili. Ndani mtu akavuta pumzi, akanyamaza. Ya tatu sikuipiga. Nimeiacha chupa ya uji kizingitini, na ndimu, nikamshika binti yangu mkono tukarudi.