Kwa Nini Hakutakuwa na Mgebuka wa 26

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mteja aliyeko Ujerumani, ambaye alikuwa tayari kulipa mara mbili ya bei ili nimsubie Mgebuka mmoja tu wa ziada, yaani nakala moja zaidi ya ndege yangu ya modeli. Nilimjibu kwa adabu kwamba ndege zilikuwa 25, zote zimekwenda, na ya 26 ya kuuza haipo. Hakuridhika, na nadhani aliniweka katika kundi la wale wafanyabiashara wanaoficha sukari stoo wakisubiri bei ipande. Kwa kuwa si yeye peke yake aliyeuliza, nimeona nieleze kwa kirefu jinsi idadi hiyo inavyopatikana, maana ukweli ni kwamba sikuichagua mimi peke yangu.

Kwa wasionifahamu, ninaishi Mwanga, hapa Kigoma, na kazi yangu ya jioni na ya siku za mapumziko ni kubuni ndege ambazo hazijawahi kuruka popote, kuzisubu katika vipande vidogo, yaani kumimina kwenye kalibu resini, plastiki ya maji inayoganda, na kuziuza zikiwa ndani ya boksi ili mnunuzi aziunganishe na kuzipaka rangi kwa mkono wake. Hii ninayoizungumzia nimeiita Mgebuka, jina la samaki wa ziwa letu la Tanganyika, kwa sababu ya wembamba wake na kwa sababu ya ile taya ya chini iliyochomoza mbele kidogo. Ni ndege ya maji ya karne ambayo haijafika, yenye injini mbili zilizopandishwa juu ya mabawa ili zisimezwe na mawimbi. Ipo katika kipimo cha 1/72, yaani kila sentimita moja ya modeli inasimama badala ya sentimita 72 za ndege yenyewe. Modeli ina urefu wa sentimita 21, kwa hiyo ndege kamili ingekuwa na mita 15 na ushei.

Hapa mjini swali ninaloulizwa zaidi ni lingine kabisa: ni nani huyo mwenye akili timamu anayenunua ndege iliyovunjwavunjwa? Jibu langu huwa ni kunyoosha kidole kuelekea bandarini. Meli yetu ya Liemba yenyewe ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa kwa meli hadi Dar es Salaam, ikaletwa huku kwa reli ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imefika, na mafundi wakaiunganisha upya hapa hapa Kigoma hadi ikashushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mji wenye historia ya namna hiyo hauna haki ya kushangaa kuona boksi la vipande.

Wazo la Mgebuka nalo lilitoka katika vita vya wakati huo huo, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1916 Wabelgiji walikuwa na ndege za maji aina ya Short katika ng'ambo ya ziwa, na ndege hizo zilivuka zikadondosha mabomu Kigoma. Mwezi Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe ili isitekwe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Meli ilibaki, ndege zikaondoka. Nikajiuliza ingekuwaje kama ndege nazo zingebaki, zikazaa, na wajukuu wa wajukuu zao wangekuwa leo wanapakia abiria pale Kibirizi badala ya boti. Sikutaka kuunda chombo cha filamu fulani, kwanza kwa sababu umbo la namna hiyo ni mali ya mtu na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, lakini hasa kwa sababu sioni raha ya kutumia miezi minane kuiga kitu ambacho mwingine ameshakifikiria.

Kubuni ndege isiyokuwepo ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mtazamaji hana pa kuilinganisha. Anayeunda modeli ya ndege halisi akikosea, atasahihishwa na picha. Mimi nikikosea, ndege inaonekana tu kuwa ni kichezeo, na hakuna anayeweza kuniambia kasoro iko wapi. Ukubwa wake lazima usemwe na vitu vidogo: mlango, ngazi, kioo cha rubani, kishikio cha mkono. Mtu mwenye urefu wa mita 1.75 katika kipimo hiki ana milimita 24, na mlango usipolingana na mtu huyo, mita zangu 15 zinageuka kuwa sentimita 21 mbele ya macho yako. Kwenye mistari ya bati, yaani ile inayoonyesha mahali bati za mwili zinapokutana, tunalazimika kudanganya. Mstari wa milimita 0.2, ambao ni mwembamba kiasi kwamba rangi nzito huuziba, katika ndege ya kweli ungekuwa ufa wa milimita 14, na hakuna abiria ambaye angepanda ndege yenye nyufa hizo. Macho yanaukubali uongo huo, nami sijui mwundaji yeyote anayeukwepa.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuonwa na kompyuta wala na mimi. Lilionwa na fundi wa mitumbwi kule Katonga, mzee ambaye huwa namwendea kununua mabaki ya mbao. Siku hiyo nilikuwa nimechukua umbo la kwanza lililotoka kwenye printa ya 3D, nimelifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Baada ya shikamoo na marahaba alilipokea, akaligeuza tumbo juu kama mtu anayechagua papai, akapitisha kidole gumba kwenye mkuku kuanzia puani hadi mkiani.

“Huku juu pazuri, mwanangu. Lakini hapa chini, maji yataachia wapi?”

Nikamwambia sijamwelewa.

“Kitako laini hivi maji yanakikumbatia. Utavuta weee, hakitoki.”

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, kwa sababu jambo hilo nililijua na nilikuwa nimelisahau. Ndege za maji zenye mwili wa mtumbwi huwa na kidato chini ya tumbo, takribani katikati, ambapo mkuku unakatika ghafla na kuanza tena juu zaidi. Ndege inapokimbia majini, hapo ndipo maji yanapoachana na mwili, hewa inaingia, na ule mvuto wa kuinyonya chini unakwisha. Tumbo langu lilikuwa laini kama la samaki mwenyewe. Nililichora upya, nikaweka kidato, na ajabu ni kwamba ndege ilianza kuonekana ya kweli hata ukiitazama kwa juu, ambako kidato hakionekani kabisa. Mzee huyo ana Mgebuka namba 1 juu ya redio yake. Hajaupaka rangi na amekataa katakata nimpakie.

Sasa nije kwenye ile idadi. Umbo mama, yaani lile la kwanza ambalo nakala zote hutokana nalo, linapotoka kwenye printa huwa na ngazi ndogo ndogo za tabaka, hivyo linasuguliwa kwa msasa wa maji, linapigwa praima, linasuguliwa tena, na mzunguko huo hurudiwa hadi ukucha ukipita usikwame. Kisha kila kipande kinazungushiwa boksi na kumiminiwa silikoni, ambayo ikikauka inakuwa kalibu inayonyumbulika. Silikoni lazima ikaukie ndani ya tungi la chuma lenye hewa ya paundi 40, zaidi kidogo ya ile ya tairi la gari dogo, kwa sababu na resini nayo itakaukia humo humo ili viputo vibanwe visionekane. Mwanzoni niliona nibanie umeme, nikaiacha silikoni ikauke nje ya tungi. Viputo vilivyobaki ndani ya kalibu vilibonyea mara tu nilipokuja kusubu kwa mgandamizo, na bawa likatoka limejaa vinundu kama mtu aliyelala bila chandarua. Kilo mbili za silikoni zilikwenda na maji, nami sikumsimulia mke wangu hadi mwezi uliofuata.

Kalibu njema haina umri mrefu. Kila mara resini inapogeuka kutoka maji kuwa kitu kigumu inatoa joto, na kila mara inakula kidogo ngozi ya silikoni. Nakala ya kwanza inateleza kutoka kwenye kalibu kwa wepesi kabisa. Kufikia ya 15 unaanza kuvuta. Kufikia ya 20 na kitu kingo nyembamba, hasa nyuma ya bawa, zinaanza kubanduka na kubaki zimeganda kwenye resini, na mstari uliokuwa mkali kama wembe unakuwa kama umechorwa kwa kijiti. Kwa kalibu zangu, 25 ndiyo nakala ya mwisho ambayo ninaweza kuifunga kwenye boksi bila kuinamisha uso. Nilisubu 28 kwa jumla. Zile tatu za mwisho nimebaki nazo, na nikimwonyesha mtu bawa la 28 kando ya picha ya bawa la 3 haulizi tena swali.

Atakayesema nitengeneze kalibu nyingine ana haki ya kusema hivyo, ila bawa la kushoto la umbo mama lilivunjika wakati ninalitoa kwenye kalibu ya pili. Njia iliyobaki ni kuchukua nakala mojawapo niifanye kuwa mama. Tatizo ni kwamba silikoni husinyaa kidogo, na resini nayo husinyaa kidogo, kwa hiyo nakala ya nakala ni ndogo kuliko mzazi wake. Hata nusu ya asilimia moja katika sentimita 21 ni milimita moja, na milimita moja kwenye maungio ya bawa ni pengo linalohitaji puti.

Ninaijua hesabu hiyo kwa uchungu. Ndege yangu ya kwanza, ambayo wachache wenu mnaikumbuka, iliwahi kununuliwa na mtu aliyeifanyia kalibu na kuanza kuiuza kwa nusu ya bei yangu. Mnunuzi wake mmoja ndiye aliyenitumia picha akilalamika kwamba mabawa hayaingii, akidhani ni kazi yangu. Nilimwomba apime mwili kwa rula: ulipungua kwa milimita moja na nusu. Nikiusubu Mgebuka wa 26 kwa njia hiyo, nitakuwa ninaitendea ndege yangu kile kile alichoitendea yule bwana, tena kwa bei ya juu zaidi.

Jambo jingine linalonibana ni mvua. Resini ninayotumia ni ya maji mawili yanayochanganywa nusu kwa nusu, na moja kati ya hayo mawili haliwezi kuvumilia unyevu: likikutana na maji linatoa gesi. Mwezi Januari, mvua ikiwa imefunga siku ya tatu, nilifungua dumu, nikachanganya kama kawaida, na ndani ya dakika chache resini ikaanza kuumuka kama maandazi. Kipande kilichotoka kilikuwa chepesi mno, na nilipokikata kwa msumeno kilikuwa na matundu kama sponji. Dumu lilikuwa limevuta unyevu tangu lilipofunguliwa mara ya kwanza. Sasa ninasubu kuanzia Juni hadi Septemba, kalibu ninazipasha moto kwanza katika sanduku lenye balbu, na kila nikifunga dumu ninalipulizia gesi ya agoni ninayoipata kwa fundi wa kuchomelea jirani yangu, ambayo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hulala juu ya kimiminika na kukikinga. Wanaotaka kujaribu wanunue pia barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ile ya kitambaa haizuii chochote katika mvuke huu.

Kuhusu kuuza sina mengi. Vifurushi 21 vilikwenda nje, vinne vimebaki nchini, kimoja kati ya hivyo kikiwa juu ya redio ya yule mzee wa Katonga. Kila boksi lina kadi ya namba, vipande 34, waya wa miguu na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Miguu ya resini tupu huinama taratibu ikibeba uzito miezi kadhaa, kwa hiyo ndani yake ninapitisha kipande cha spoki ya baiskeli. Bawa likifika limepinda kwa joto la safari, mnunuzi anaagizwa kulitia katika maji ya moto, kulinyoosha, kisha kulitia katika maji ya baridi. Watu wawili waliniandikia kwa hofu kabla ya kusoma sehemu hiyo.

Jana nilizichukua kalibu zote za Mgebuka nikazikatakata kwa kisu vipande vya ukubwa wa kete za bao. Silikoni iliyokauka haiyeyuki tena, lakini ile mpya ya aina hiyo hiyo inashikamana nayo vizuri, kwa hiyo vipande hivyo hutumika kujazia pembeni mwa kalibu mpya, mbali na umbo, ili silikoni mpya itumike kidogo. Nimejaza ndoo moja na nusu. Ndege inayofuata ni pana zaidi, ina kidato tangu mchoro wa kwanza, na nimeipa jina la Kuhe, samaki mwingine wa ziwa letu.