Panya wa Paris mbele ya mama yangu wa Newala

Kwetu Newala panya ni mboga. Naanza hapo ili msomaji wa mbali asije akafikiri namsingizia mama yangu huko mbele.

Sisemi panya wa darini, yule anayekojolea unga na kutafuna sabuni. Huyo hata kwetu haliwi. Nasema panya wa shamba, mla mihogo na karanga, ambaye watoto humfukua kiangazi majani yakishachomwa. Anababuliwa manyoya, anapasuliwa, anachemshwa kwa chumvi, kisha anabanikwa juu ya moshi mpaka akauke. Ukimkuta amechomekwa kijitini na wenzake, jina lake ni samaki nchanga. Nchanga, si mchanga. Ukitamka kwa m utauziwa bei ya mgeni.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Mikindani, mtu wa samaki wa majini. Hakula panya na hakutaka sufuria yake iguswe na panya. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na sufuria mbili za mboga: ya baba, inayong'aa, na ya mama, nyeusi, iliyobonyea mdomo. Watoto tulikula kotekote. Labda ndiyo maana nikawa mpishi, sijui. Sasa nina miaka 38 na napika kwenye nyumba moja ya wageni Shangani, Mtwara mjini, ambako watu huagiza chips kuku, chips mayai, na wakitaka kujionyesha, chips pweza.

Mwezi wa nane mama alishuka kuja kutazamwa macho. Alikuja na kiroba cha makopa ya muhogo, ufuta kidogo, na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, imefungwa kwenye khanga kuukuu. Jioni ya pili binti yangu wa miaka tisa akataka kumwonyesha bibi yake katuni. Kwenye flashi yangu kulikuwa na filamu nilizowekewa na kijana mmoja karibu na soko, tano kwa elfu mbili, na mojawapo ilikuwa Ratatouille. Ya mwaka 2007, ya Pixar, iliyoongozwa na Brad Bird, na mwaka uliofuata ilichukua Oscar ya filamu bora ya katuni. Nimechelewa kuiona, najua. Wakati inatoka mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye jiko la mtu.

Kisa chenyewe ni cha Remy, panya wa Ufaransa mwenye pua kali kuliko ukoo wake wote, asiyetaka kula taka. Anataka kupika. Maji yanamchukua kwenye mifereji ya chini ya ardhi mpaka Paris, anaibukia kwenye hoteli ya chakula ya mpishi maarufu aliyekwishafariki, Gusteau, na hapo anakutana na kijana Linguini, mfagiaji asiyejua hata kuchanganya supu. Panya anajificha ndani ya kofia ya kijana, anamvuta nywele kushoto na kulia, na mikono ya kijana inapika.

Hiyo ndiyo hadithi ukiitazama na mtu wa kawaida. Mimi niliitazama na mama.

Binti yangu alikuwa anatafsiri, amelala ubavu kwenye mkeka. Mwanzoni kuna mahali Remy anapewa kazi ya kunusa vyakula vya wenzake visiwe na sumu. Mama akatikisa kichwa. "Panya wa kwetu wangekuwa na pua hiyo tungekufa njaa." Akaja yule kikongwe anayefyatua bunduki ndani ya nyumba yake mpaka dari linaanguka na panya wote wanamwagika. "Mwanamke huyu hana akili," akasema. "Anatoboa dari lake mwenyewe. Si atege?"

"Bibi, nyamaza basi."

"Nanyamaza, mke mwenzangu. Lakini si atege?"

Gusteau ana kitabu, na kitabu kinadai kwamba yeyote anaweza kupika. Binti akatafsiri kwa sauti ya kuhubiri. Mama akajibu papo hapo, hata hakufikiri: "Mwongo huyo. Shangazi yako hawezi." Tukacheka, maana ni kweli, shangazi anaweza kuunguza maji. Lakini lile neno la mama lilikaa kichwani mwangu, na nitalirudia.

Kuna sehemu moja mama alinyamaza mwenyewe bila kuombwa. Remy anatembea kwa miguu miwili wakati panya wenzake wanatembea kwa minne, na sababu anayoitoa ni kwamba mikono hiyohiyo ndiyo anayolia chakula, hataki kuikanyagia uchafu. Mama akaniangalia. "Huyu kalelewa." Kutoka hapo alimwita kijana. Kijana kafanya hivi, kijana kaenda wapi.

Nikiwa mpishi nilikuwa natazama mambo yangu. Nimeona filamu nyingi za watu wanaojifanya wapishi, na unawajua kwa namna wanavyoshika kisu, kama wameshika kalamu ya deni. Hawa wa katuni wanashika kisu sawasawa. Colette, mwanamke pekee kwenye lile jiko, ana alama za kuungua mikononi, na anamfundisha Linguini kubana viwiko asigongane na wenzake, kuweka sehemu yake safi, na kujua mkate mzuri kwa mlio wa ganda lake ukiuminya. Nilisimamisha filamu nikamwambia binti yangu, unaona, ndiyo hivyo. Mimi pia maandazi nayajua kwa mlio yakiwa bado ndani ya mafuta. Baadaye nilisoma kwamba waliotengeneza filamu hii walikwenda kusomea upishi, na kwamba walifuga panya ofisini zaidi ya mwaka mzima ili wajue pua na mkia vinavyokwenda. Mama nilipomwambia hilo la kufuga aliuliza kama mwisho waliwala.

Sikupenda kila kitu. Linguini ananichosha. Kijana hajui lolote, hajifunzi sana, anaachiwa hoteli na anampata Colette, mtu aliyehangaika miaka kufika alipofika. Jikoni nimewaona hao. Na yule mfupi Skinner, mpishi mkuu anayetaka kutumia jina la marehemu kuuza vyakula vya kugandisha kwenye maboksi, amefanywa kikaragosi mno, wakati ukimsikiliza vizuri ana hesabu zake. Tajiri yangu angemwelewa.

Halafu tukafika dukani. Baba yake Remy anamchukua usiku kumwonyesha dirisha la duka la kuua panya, panya waliokauka wananing'inia kwenye vioo, ili ajue binadamu ni watu gani. Duka la namna hiyo lipo kweli Paris, la tangu 1872, na panya wake wa dirishani wapo. Ni sehemu nzito. Mvua inanyesha, muziki umeshuka. Binti yangu alikuwa ameshika mkono wa bibi yake.

Mama akasogea karibu na televisheni, na macho yake yale mabovu. "Wamekaushwa vizuri," akasema. "Ila hawajatiwa chumvi."

Binti alitoka nje. Nilimfuata, nikambembeleza, tukarudi. Mama hakuelewa kosa lake ni nini, na kusema kweli kumweleza nilishindwa. Nitamwambiaje? Kwamba mnyama ukishampa jina na sauti hageuki tena kuwa mboga? Yeye amefuga kuku wenye majina maisha yake yote.

Walipatana kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Mwisho wa filamu wapishi wote wanasusa na ukoo mzima wa panya unaingia jikoni kumsaidia Remy, lakini kwanza anawapitisha kwenye mashine, mvuke unafuka, wanatoka wamefura manyoya. Binti akacheka. Mama akashika kichwa: "Maji yote hayo!" Mtu wa Mtwara mjini hawezi kuelewa. Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, uko juu, maji yako chini kwenye mabonde, na mama ni kizazi cha wanawake walioshuka mteremko alfajiri na kupanda na ndoo jua limeshachomoza. Kikombe kimoja cha maji kwake kinaosha mchicha, kisha kinaosha mikono, kisha kinamwagiwa mpapai.

Tukafika kwa Anton Ego. Huyu ndiye mwandishi anayeogopwa, mrefu, mwembamba kama mlingoti, anayeua hoteli kwa kalamu. Amekuja kula. Remy ameamua kumpikia ratatouille, chakula cha watu wa kawaida cha kusini mwa Ufaransa, kule Nice: bilinganya, nyanya, hoho, mumunye, vitunguu. Mboga za mtu aliyekosa nyama. Jikoni wenzake hawaamini. Sahani inafika mezani. Ego ameshika uma, ameunyanyua, unakaribia mdomoni.

Umeme ukakatika.

Mji huu unakaa jirani na gesi ya Mnazi Bay, ile ya kuzalishia umeme, lakini nisianze hayo. Tukakaa gizani, binti analalamika, na mimi natafuta tochi ya simu. Mama akasema kutoka kwenye mkeka, taratibu, "Huyo atalia."

"Kwa nini alie, mama?"

"Mtu mzima anayekula amenuna vile, hajapikiwa na mama yake siku nyingi."

Umeme ulirudi usiku wa manane. Asubuhi kabla sijaenda kazini tuliumalizia mwisho, watatu, na chai ya rangi. Mnaojua mnajua. Uma unaingia mdomoni na Ego anarudishwa nyuma kama ameangushwa kisimani, ni mtoto mdogo amesimama mlangoni kwao, ameanguka na baiskeli, na mama yake anamwekea sahani ileile mezani. Anarudi. Kalamu inamdondoka mkononi. Hakulia machozi, mama alikosea hapo, lakini sikuona haja ya kumsahihisha.

Baadaye Ego anaandika kwamba sasa ndiyo ameelewa maneno ya Gusteau. Si kwamba kila mtu anaweza kuwa fundi mkubwa, ila fundi mkubwa anaweza kutoka popote. Nikamgeukia mama. Jambo ambalo mwandishi mkali wa Paris alilipata baada ya filamu karibu nzima, mama yangu alikuwa amelimaliza kwa shangazi dakika za mwanzo.

Nimepika miaka 12 pale Shangani na sijawahi kuweka kwenye menyu kitu chochote cha Newala. Hakuna aliyenikataza. Niliona tu kwamba chakula cha hoteli ni kile ambacho mama hajui kukipika. Kwa hiyo wiki ile nikafanya ujinga. Nilichukua ming'oko ya mama, nikaichemsha na chumvi, nikaimenya, nikaipanga kwenye sahani nyeupe na pilipili ya kusaga na ndimu pembeni, na pweza wa tui la nazi. Kulikuwa na mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, mtu wa ofisi, mwenye jina la ukoo la Kimakonde kabisa. Nikampelekea mwenyewe. Nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni natazama kwa ufa, kama mwizi.

Akala mmoja. Akatafuna. Akatazama juu. Nikasema ndiyo hii.

Akamwita mhudumu, akaomba chili sosi.

Nilimhadithia mama, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimpikia na ratatouille yenyewe, nimeikata vipande vyembamba na kuizungusha kama kwenye filamu. Akasema nimekata kama nampikia mgonjwa asiye na meno. Akaomba kifumbu, akakamua tui zito akamwagia, na nitakiri hapa mbele ya watu kwamba ilikuwa tamu zaidi. Wafaransa wanisamehe.

Usiku wa mwisho kabla hajapanda gari, binti amelala, mama aliingia jikoni na kiroba chake. Chini kabisa ya makopa akatoa kifurushi cha karatasi ya saruji, amekibana kwa kamba. Kijiti kimoja. Watano, wameiva kwa moshi, mikia imenyooka.

"Nilikuletea wewe," akasema. "Nikaona huyu mtoto atatuwekea matanga."

Tukafunga mlango. Tulinong'ona kama wezi wa kuku. Mama aliwalowesha kidogo, akakuna nazi, nikamkatia nyanya na kitunguu, akatia na ufuta alioutwanga. Nilichagua sufuria ambayo nisingesikitika ikibonyea. Tui lilipoanza kuchemka harufu ikapanda, ule moshi wa mabua na utamu wa ufuta, na mimi nilikuwa Newala, nina miaka sita, nimechubuka goti au sikuchubuka, sikumbuki.

Mlango ukasukumwa. Binti yangu, macho nusu, khanga ya bibi yake mabegani.

"Mnapika nini?"

"Samaki," mama akasema.

"Samaki gani?"

"Nchanga."

Akasogea, akanyoosha shingo juu ya mvuke, akanusa kwa muda mrefu, amefumba macho, kama alivyoona kwenye filamu.

"Naomba," akasema, akavuta kigoda.

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria.