Kiatu kinachopumua

Nilikuwa jikoni napara sato wa mchana, binti yangu akaja akiburuta buti zangu za matairi alizozitoa uvunguni mwa kitanda.

"Mama, hiki kinapumua," akasema. "Na hiki hakipumui. Kimekufa?"

Alikuwa amekisimamisha cha kulia sakafuni juu ya matairi yake manne, akaikandamiza pua yake kwa viganja viwili. Pua ikazama. Akaachia, ikapanda yenyewe. Akafanya vilevile kwa cha kushoto, kikashuka kidogo sana na kugoma. Nikaacha kisu, nikakaa sakafuni pembeni yake, mikono yote inanuka magamba. Sijavivaa tangu nina mimba yake.

"Hakijafa," nikamwambia. "Kina mpira wa Hiace."

Hakuelewa, na sikuwa nimemaliza kumweleza samaki alipoanza kuungua. Basi nalimalizia hapa.

Fremu zile, vipande vya chini ya buti vinavyobeba matairi, zilikuja na dada yetu wa Toronto, mtoto wa mama mkubwa, alipokuja kwenye msiba wa Bibi. Huko anacheza hoki. Majira ya baridi kwenye barafu, majira ya joto kwenye viatu vya matairi. Siku ya kuondoka mizigo ilizidi kilo, akaniachia viatu. Buti zilinizidi saizi mbili, lakini mimi macho yangu yalikuwa chini ya buti. Fremu za kawaida, zile tulizojifunzia sote, ni kipande kimoja kigumu kilichobeba matairi manne kwa mstari. Hizi zilikuwa zimekatwa katikati. Kipande cha mbele matairi mawili, cha nyuma mawili, kila kipande kinacheza kwenye pini yake, na mpira mnene mdogo umekaa juu kukizuia kisicheze kupita kiasi. Shokapu, kwa kifupi. Viatu vyenye shokapu.

Nilimuuliza Dada ni za nini, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Chuma cha kiatu cha barafu si kinyoofu. Kimepinda kwa chini kama tumbo la mtumbwi, kwa hiyo mchezaji anagusa barafu kwa sehemu ndogo tu, na akimalizia hatua anabingirika taratibu mpaka vidoleni bila kupoteza mguso. Matairi manne kwenye fremu ngumu hayawezi hivyo. Ukiinua kisigino, matatu yanaondoka chini na linabaki moja la mbele, linakwaruza. Fremu hizi zilitengenezwa ili yabaki mawili.

Nikavipeleka Mlango Mmoja, hapa Mwanza, kwa Fundi. Mnamjua, yule mzee aliyenishonea begi mara tatu na kukataa hela mara mbili. Nikamwamkia, nikamweleza nataka fremu zihamie kwenye buti zangu. Akatoboa ripiti za zamani kwa drili, matundu yakakataa kulingana na soli yangu, akatoboa mengine na kufunga bolti badala ya ripiti. Matairi yaliyokuja nazo yaliandikwa 76A, laini, ya kuchezea ukumbini. Lami yetu ingeyala kama sabuni. Nikamwambia avalishe yangu ya 84A, magumu zaidi, na beringi zangu, namba 608 kama kawaida, tundu milimita 8.

Ilikuwa karibu amalize alipobonyeza fremu ya kushoto kwa kidole gumba, akanyamaza. Akachomoa ule mpira wa mbele kwa ncha ya bisibisi, akauweka kiganjani. Ulikuwa umekauka na kupasuka, ukameguka kama mkate wa juzi.

"Huu umeshakwisha, binti. Mwenye viatu anasukumia sana mguu wa kushoto."

Akavuka barabara kwenda kwa mafundi magari, akarudi na bushi kuukuu ya Hiace. Akachukua kisu chake cha soli, akakichovya kwenye kopo la maji, akakata kidogo, akachovya tena. "Kisu kikavu hakikati mpira," akaniambia bila kuinua macho, "kinauvuta tu." Alikata vipande vitatu ndipo cha nne kikakaa. Kilikuwa kigumu kuliko kile cha kulia, wote wawili tulikiona, akaniuliza kama avipunguze vyote vilingane. Nikamwambia aache. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuvijaribu.

Sasa, Kaka.

Kaka ndiye aliyenifundisha, kwenye kile kipande cha lami Mkuyuni, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili na soksi nne kila mguu ili buti za mtumba zinibane. Alikuwa na neno moja: kisigino. "Sukuma kwa kisigino, mdogo wangu. Maliza kwa kisigino. Ukisukuma kwa vidole unakwaruza barabara, huendi popote." Na kwa fremu ngumu ni kweli tupu. Alinisahihisha hivyo miaka kumi, akiwa mbele yangu, nyuma yangu, hata akiwa amenipa mgongo, kwa sababu lile tairi moja likibaki linakwaruza linatoa mlio mwishoni mwa hatua, krrt, na Kaka aliusikia kutoka upande wa pili wa uwanja. "Vidole!" anapaza sauti. Hakuhitaji kuniona.

Alikuwa pia na hadithi aliyoipenda, ya ndugu wawili wa Minnesota, Scott na Brennan Olson, wacheza hoki ya barafu, ambao mwaka 1980 waliona kiatu cha zamani cha matairi ya mstari wakajua kitawafaa kwa mazoezi wakati hakuna barafu. Kampuni ya Rollerblade ikatokea hapo. Kaka alipenda kwamba walikuwa ndugu. Kila akiisimulia alikuwa ananitazama mimi.

Nilipomwonyesha fremu mpya alizibonyeza, akazigeuza, akanirudishia. "Kiatu lazima kikushike," akasema. "Hiki kinakukimbia."

Juma lile lilimpa haki. Ukivaa tu na kusimama unashuka, na mwili unadhani unaanguka. Nikiweka uzito kisigino kama nilivyofundishwa, nyuma inazama, kiuno kinabaki nyuma, nakaa chini. Jumanne nilikaa chini mara tano kwenye barabara ya Capri Point kabla hata jua halijachomoza vizuri, korongo mmoja kasimama juu ya jiwe ananitazama. Kusimama ghafla kwa ubavu, kitu nilichokifanya usingizini, kukawa kugumu: nusu ya mbele inauma lami, nusu ya nyuma bado inatafuta. Nikikanyaga kwa nguvu ili nitoke haraka, nguvu inaishia kwenye mpira. Unasukuma, kiatu kinakunywa. Ile ndiyo ilinichosha kuliko kuanguka.

Juu ya hayo, miguu yangu ilikuwa miwili tofauti. Wa kulia laini, wa kushoto wa Hiace. Kona ya kulia nafika, kona ya kushoto napitiliza. Ijumaa jioni nilikaa kwenye ukuta pale karibu na kivuko cha Kamanga, viatu shingoni, nikitazama Jiwe la Bismarck na watu wakishuka na vikapu vyao, nikafikiria kumrudia Fundi anirudishie fremu zangu. Mbele yangu ziwa zima, ambalo halijawahi kuganda hata siku moja, na mimi najaribu kutembea kama mtu wa barafu.

Jumamosi nilijaribu jambo moja tu: kutokuwa na haraka. Magoti chini zaidi, hatua ndefu zaidi, na kuusubiri mpira ushuke wote kabla ya kusukuma. Kidogo ikakubali, hasa mguu wa kulia.

Jumapili ilikuwa siku ya mchezo, hoki ya matairi, kwenye ule uwanja wetu wa zege. Nilifika mapema. Kaka alikuwa ameshafika, amekaa kwenye tofali, ameinama anafunga kamba za buti zake, uso wote umefunikwa na magoti. Hatukuwa tumeongea sana juma lile. Nikamsalimia, akaitikia kwa chini chini, nikaanza kuzunguka uwanja kupasha mwili.

Zege ile ilikuwa imefagiliwa na mvua ya usiku na kukauka. Hakukuwa na gari barabarani. Nilikuwa nasikia kila kitu: beringi zangu, maungio ya zege yakipita chini moja baada ya jingine, kunguru. Nikashuka magoti. Nikasukuma mguu wa kushoto, nikahisi pua ya kiatu inaanza kuzama, nikangoja, kisigino kikaanza kuinuka, na hapa ndipo mwili wangu wote wa miaka kumi ulipojikaza kungojea mlio. Ile krrt. Niliungojea kama mtoto anavyongojea kofi. Kisigino kikaendelea kuinuka. Matairi mawili ya mbele yalikuwa bado chini, yote mawili, nayahisi kama vidole viwili vya mkono kwenye meza, na hatua ikaendelea kurefuka pale ambapo siku zote ilikuwa inakatika. Ikafika vidoleni. Ikaisha yenyewe. Mguu ukaondoka chini bila sauti yoyote, na mimi nilikuwa tayari mbali, mbali kuliko hatua moja ilivyowahi kunipeleka, upepo wa ziwani masikioni.

Kaka aliinua kichwa.

Bado alikuwa ameshika kamba, moja kila mkono. Hakuwa ameniona. Kilichomwinua ni kile ambacho hakukisikia.

"Rudia," akasema.

Nikazunguka, nikarudia. Safari hii akanitazama chini kwenye miguu, macho hayapepesi.

"Umemaliza kwa vidole."

"Ndiyo, Kaka."

Akarudi kwenye kamba zake. Alizifunga, akazifungua, akazifunga upya.

Mchezo wenyewe sina mengi. Kwa kawaida ni wanne na golikipa kila upande. Siku hiyo tulikuwa tisa, kwa hiyo goli letu lilikuwa tupu na tukafungwa sana. Nilianguka mara mbili. Baada ya mchezo Kaka aliomba ajaribu buti zangu, mguu wake ukaishia kwenye kifundo, haukuingia. Anavaa namba 44, mimi 39. Akaenda kuzifuta vumbi kwa fulana yake kabla hajanirudishia.

Tangu siku ile hakunisahihisha tena. Hata kwa mambo mengine yasiyohusu fremu, jinsi ninavyoshika fimbo ya hoki, jinsi ninavyochelewa kurudi nyuma, alinyamaza. Wakati ule nilifurahi, nilijiona nimekuwa mtu mzima. Mwaka uliofuata alihamia Dar kikazi. Sasa nina mtoto anayetaka kuvaa viatu vya matairi, atajifunzia fremu ngumu kama sisi, na sijui nitamwambia kisigino au nitamwambia nini.

Kwa hiyo jioni, samaki ameshaliwa, nilimpigia Kaka. Nikaweka spika ili mtoto amwamkie mjomba wake. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile Jumapili.

"Naikumbuka," akasema. "Mguu wa kulia."

"Wa kushoto, Kaka."

"Wa kulia, mdogo wangu. Wa kushoto ulikuwa na lile lipira la Hiace, usingeweza kuzama hivyo."

Nikamwambia nina hakika. Naye akasema ana hakika, sikio lake halijawahi kumdanganya juu ya miguu yangu. Kama ni wa kulia, basi fremu ilifanya kazi yake, ndicho ilichotengenezewa. Kama ni wa kushoto, ule mpira ulikuwa haukubali hata kwa kidole gumba cha Fundi, na sijui ni nini kilichozama.

Simu ikawa kimya kwa muda, wote wawili tuko hewani. Mtoto akakichukua cha kushoto, akakisimamisha sakafuni, akaegemeza uzito wake wote juu ya pua yake, akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa ngozi ya buti.

"Subirini," akasema.