Namba ya jeshi naikumbuka, birika ndilo nalisahau

Nina miaka 71. Niamshe usiku wa manane uniulize namba yangu ya jeshi, nitakutajia bila kukwama. Ila mwaka juzi nilianza kusimama katikati ya chumba nisijue nimefuata nini. Birika lilipokaukia jikoni mara ya tatu, mke wangu akanipeleka hospitali, nikinuna njia nzima.

Daktari aliuliza kama niliwahi kuumia kichwa, kama nasikia vizuri, kama nalala. Mizinga nimepiga miaka 19. Sikio la kushoto limebaki pambo. Akasema majeraha ya kichwa, uziwi, presha na kukaa kitako mchana kutwa vyote huongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. "Hilo la mwisho, Mzee, liko mikononi mwako," akaongeza. Akanisimulia utafiti wa mwaka 2011: wazee 120, nusu yao wakatembea dakika 40, mara 3 kwa wiki. Baada ya mwaka, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ambayo kwa umri wetu husinyaa, kwao ilikuwa imeongezeka kama asilimia 2.

Nikaanza kijeshi. Mbio alfajiri, pushapu, kana kwamba bado kuruta. Siku ya nne goti likavimba, nikalala wiki mbili. Jeshini zoezi lilikuwa adhabu, na mimi kichwani bado niliamini lisilouma si zoezi.

Aliyenitoa huko ni mwenzangu wa kikosi. "Afande, adui hayupo. Twende tutembee."

Sasa tunatembea dakika 30, siku 5 kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Siku 2 nasimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, kisha nasimama kwa mguu mmoja kando ya ukuta. Huku tukitembea tunatoa 7 kutoka 100, kisha 7 tena na tena, kwa sauti. Mwanzoni nikifika 79 miguu ilisimama yenyewe.

Usingizi umerudi, presha imeshuka. Birika bado nalisahau mara mojamoja. Nimepata pia kifaa cha kusikia, kwa hiyo sifa zote siwezi kuyapa matembezi.

Juzi nilifika hadi 2 bila kusimama. Mwenzangu akadai nimeruka 51. Tukaanza upya.