Siku moja maishani mwangu: kuwinda pikoampea ndani ya fuwele ya TbMnO3

Saa 2 asubuhi. Leo natafuta mkondo mdogo sana wa umeme, wa pikoampea (pikoampea ni sehemu ya trilioni ya ampea), ndani ya TbMnO3, oksidi ya terbiamu na manganizi ambamo mpangilio wa sumaku huzaa umeme. Kazi inaanza kwenye mashine ya eksirei, inayoonyesha mwelekeo wa fuwele. Fuwele imekwisha kukatwa kuwa kibapa chenye unene wa milimita 0.4 na uso wa milimita mraba 6. Kabla ya kuigusa nahakikisha uso huo unatazama mhimili wa c, si a (a, b na c ni pande tatu za fuwele). Ukichanganya mihimili hiyo miwili, utapima mchana kutwa usione kitu, na kosa halitakuwa la fuwele.

Saa 3. Napaka rangi ya fedha pande zote mbili, nikiacha ukingo safi, kwa sababu tone moja likichuruzika pembeni huunganisha elektrodi na kipimo hakina maana tena. Nyaya ni za dhahabu, nyembamba kama unywele. Kibapa nakigandisha kwa vanishi, chote, si pembe moja tu. Atomi za terbiamu hupenda mwelekeo wake, na uga wa sumaku ukipanda huisokota fuwele kwa nguvu za kuing'oa au kuivunja.

Saa 5. Kraiostati, chombo cha kupozea fuwele, inapoa. Chini ya kelvini 41 hivi spini za manganizi, yaani visumaku vidogo vya atomi zake, hujipanga kama mawimbi kufuata mhimili wa b, zikipanda na kushuka ukubwa lakini zote kwenye mstari mmoja. Hapo hakuna umeme. Zikifika karibu kelvini 28 zinaanza kuzunguka: kila spini imegeuka kidogo kuliko jirani yake, kama spoku ya baiskeli gurudumu linapoviringika kuelekea b. Mpangilio huo ndio saikloidi, na ndio unaosukuma chaji chanya upande mmoja na hasi upande wa pili. Polarizesheni, yaani mtengano huo wa chaji, hukaa ndani ya bapa la gurudumu, ikiikata njia ya msafara wa wimbi (b) kwa pembe mraba, yaani kwenye c. Spini zingezunguka kama keekee, ekseli ikielekea kule kule kwa msafara, njia hii isingezaa umeme wowote. Uzuri wa jambo hili haunichoshi: atomi hazikuanza kusogea zenyewe, zimesukumwa na spini.

Saa 6 mchana. Kwenye kelvini 50 naweka volti 120, sawa na kilovolti 300 kwa mita, kisha nashuka hadi kelvini 5. Volti hiyo huchagua gurudumu lizunguke upande gani; bila hiyo nusu ya fuwele huenda kulia, nusu kushoto, na jumla huwa sifuri. Sipandishi zaidi, kwa kuwa gesi ya heliamu yenye shinikizo dogo huanza kutoa cheche zikipita volti 150 na kitu.

Saa 7. Naondoa volti, naunganisha elektrodi pamoja kwa dakika 30. Hatua hii ndiyo wageni huiruka. Chaji zilizonaswa kwenye kasoro zisipotoka, zitaufunika mkondo tunaoutafuta.

Saa 8. Napandisha joto kelvini 4 kwa dakika, elektromita, kipimo cha mikondo midogo, ikisoma: polarizesheni inapotoweka, chaji zake hutiririka kama mkondo. Karibu na kelvini 27 kinachomoza kilele cha makumi ya pikoampea. Si cha kushangilia bado. Narudia kwa volti hasi: kilele lazima kigeuke. Narudia kwa kelvini 2 kwa dakika: mkondo upungue nusu, jumla ya chaji ibaki ile ile, na kilele kisihame. Kilele kinachohama ni cha chaji zilizonaswa.

Saa 12 jioni. Fuwele imepozwa tena chini ya volti; sasa sumaku, uga ukielekea b, tesla 0.6 kwa dakika. Nyaya nimezisokota pamoja, la sivyo uga unaobadilika huzalisha volti zake kwenye kitanzi. Karibu na tesla 5 polarizesheni ya c inatoweka ghafla: gurudumu limelala kwenye bapa la ab. Ndicho walichoonyesha Tsuyoshi Kimura, Yoshinori Tokura na wenzao nchini Japani mwaka 2003, kwamba umeme huhamia a. Kibapa hiki hakiwezi kuuona huko. Cha pili, kilichokatwa kutazama a, kimepakwa fedha na kinakaushwa usiku huu.