Kubadilisha kinanda: ni kwa ajili ya sauti au kwa ajili ya mkono? Nilivyoamua mimi hapa Tanga

Kila msimu wa harusi ukikaribia napata meseji za vijana wanaopiga kinanda, wa hapa Tanga mjini na wa Muheza, na swali ni lile lile, kaka nina vihela vyangu nibadilishe kinanda au nibaki na hiki? Ukimuuliza hicho ulichonacho kina shida gani anakwambia "sauti". Basi, sauti tu. Mimi nilikuwa na swali hilo hilo na Yamaha MOX6 yangu, ile iliyotoka 2011, na nililiendea polepole sana kwa sababu MODX6, kinanda kipya zaidi cha Yamaha hao hao, iliyotumika niliyotajiwa Dar ilikuwa milioni tatu na ushee, na kwa mpiga harusi hiyo ni hela ya Mfungo Mosi yote na Mfungo Pili yote uiweke mezani bila kugusa. Acha nieleze nilivyofanya mpaka nikaamua.

Nilianza na daftari. Video za mitandaoni niliziweka pembeni kwanza, maana mle mtu yuko chumbani kavaa hedifoni anapiga piano peke yake, hakuna ngoma, hakuna gitaa la besi, hakuna shangwe za akina mama, kila kinanda kinasikika kitamu. Mimi kila tukitoka kwenye shughuli, kabla sijalala, naandika kilichonikera usiku ule kwa maneno ya kawaida: noti zimekatika kwenye wimbo wa kuingia bibi harusi, nimechelewa kutoka kwenye fidla kwenda kodiani, ogani imepooza, piano haisikiki. Halafu pembeni ya kila kero naweka herufi, S kama ni ya sauti na M kama ni ya mkono, yaani kitu kilichonichelewesha kufanya kazi. Msimu ulipoisha nikakaa nalo hilo daftari, M zilikuwa nyingi kuliko S, na hata hizo S kila nilipoichimba moja nakuta chini yake kuna kitu kingine.

Tuchukue ile ya piano kutosikika. Piano za kwenye hivi vinanda zimerekodiwa kwa stereo, kushoto na kulia, sasa kwenye kumbi zetu spika zote zinapiga kitu kimoja, na fundi wa mitambo akichukua ule upande wa kulia peke yake kwa sababu waya mmoja ndio ulikuwa karibu, umepoteza nusu ya piano na ile nusu iliyobaki ni nyembamba. Nyuma ya kinanda kuna tundu limeandikwa L/MONO. Ukichomeka waya mmoja tu kwenye tundu hilo, na la R ukaliacha wazi kabisa, kinanda chenyewe kinachanganya pande zote mbili kinakupa mono iliyokamilika. Sasa hivi nabeba waya wangu mwenyewe na nauchomeka mwenyewe, simwachii mtu. Kero hiyo imeisha, na shilingi sikutoa.

Ya pili ilikuwa kuchelewa kubadilisha sauti, hii ndiyo iliyojaza daftari. Nyimbo zetu zinataka fidla kwenye utangulizi, kodiani kwenye kibwagizo, halafu mwimbaji akinyamaza unatakiwa utoe nai, ile filimbi ya Kiarabu, hapo hapo, na mimi nilikuwa nazunguka kwenye orodha ya Voice, yaani sauti moja moja za kinanda, nikitafuta. MOX6 ina hali inayoitwa Master, nafasi 128, na kila nafasi inaweza kukatwa kanda mpaka nne juu ya funguo zile zile. Nikakaa nyumbani Makorora na orodha ya nyimbo zetu nikazipanga Master kwa utaratibu wa shughuli yenyewe, bibi harusi anaingia, keki, kutunza, wimbo wa mama mzaa chema, kila moja kodiani mkono wa kulia na fidla mkono wa kushoto au vyovyote wimbo unavyotaka, na nikazipa majina ya nyimbo zenyewe. Kubonyeza mara moja tu. Ni kazi ya kukaa chini kweli kweli, inachosha macho kwa kale kaskrini kake, lakini baada ya hapo ukurasa wa M kwenye daftari ulipungua sana na nikaanza kuona kipi hasa ndicho cha sauti.

Na hapo ikabaki ile ya noti kukatika. Hii ilikuwa kweli, na ilinikera zaidi ya zote kwa sababu hata wasiojua muziki wanaisikia. Tuna mwimbaji wetu mmoja mtu mzima, namheshimu mno, siku moja tumeshuka jukwaani akaniambia, "Mwanangu, mbona kinanda chako kinakata pumzi kabla yangu?" Nikamwambia shikamoo bi mkubwa, nimesikia, nitalishughulikia. MOX6 ina polifoni ya 64, yaani vipande 64 vya sauti kwa wakati mmoja, na watu wanadhani hiyo ni noti 64. Piano ya stereo inakula vipande viwili kwa kila noti, ukiipandishia fidla nayo ikala viwili, kila funguo unayobonyeza inakula vinne, sitini na nne gawa kwa nne ni noti kumi na sita tu. Mkono wa kushoto unashika nne, wa kulia nne, mguu uko kwenye pedo zile za nyuma hazijafa bado, na mapigo yanatembea ndani ya kinanda hicho hicho, chakacha ina vipigo vingi, basi kinanda kinaanza kuua noti za zamani ili kipate nafasi ya mpya. Hakuna Master itakayotibu hilo. Unaweza kupunguza, mimi nilitoa leya, yaani sauti zilizopandishwa juu ya nyingine, zisizo za lazima na nikajifunza kunyanyua mguu mapema, lakini wimbo wa polepole wenyewe unataka pedo, utafanyaje.

Pamoja na hiyo kuna ya ogani kupooza. Ukiisikiliza ogani peke yake kwenye Voice inazunguka vizuri, inalia, ukiiweka pamoja na mapigo na besi na fidla inakuwa kavu. Sababu ni kwamba kwenye MOX6 ukichanganya sauti nyingi, ni sehemu 3 tu zinazobaki na ifekti zake za ndani, yaani vile virembesho vya sauti, nyingine zinavuliwa. Kwa hiyo sauti iko mle mle kwenye mashine, nafasi ya kuibeba ndiyo haipo.

Kuna na la robo toni, nalitaja haraka kwa sababu wengi wanabadilisha kinanda kwa hilo. Mwimbaji akitaka bayati yenyewe, ngazi ya Kiarabu yenye ile noti inayokaa katikati ya noti mbili za kinanda, watu wanasema mpaka ununue kinanda cha Kiarabu. Ingia kwenye kuhariri Voice utafute Micro Tuning, zimo za Arabic mle, unaisevu na sauti yako. Ipo tangu siku ulipokinunua. Mji huu umetoa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, masikio ya watu wa hapa hayadanganyiki, ukipiga bayati kwa noti za kawaida wazee wanakuangalia tu.

Baada ya hapo ndio nikaazima MODX6 kwa rafiki yangu anayepiga kanisani, Mungu ambariki, akaniachia nikae nayo na kuipeleka kazini. Nianze na haki yake, ile piano ya CFX nyumbani kwa hedifoni ni nzuri mno, unapiga noti moja unaiacha ife yenyewe na unasikia mbao. Kumbukumbu ya sauti ni kubwa kuliko MOX6 mara nyingi sana, polifoni 128 za sampo, yaani sauti zilizorekodiwa, na nyingine 64 za FM, yaani zinazotengenezwa na mashine yenyewe, pembeni, na ukibadilisha sauti huku umeshikilia noti, ile ya zamani haikatiki, inaisha kwa raha zake na mpya inaingia. Hilo la mwisho nilitamani kulia. Live Set nayo, pale unapopanga sauti zako za jukwaani, inakupa nafasi 16 kwenye ukurasa mmoja, majina makubwa, unagusa tu.

Lakini nilipoipeleka kwenye shughuli nikaweka simu nyuma kabisa ya ukumbi, pale wanapokaa wazee, nikarekodi wimbo ule ule, usiku mwingine nikarekodi na MOX6 yangu, fundi wa mitambo yule yule na spika zile zile. Nikawapa wenzangu wa bendi wasikilize bila kuwaambia ipi ni ipi. Kwenye fidla na kodiani wakabishana hawakuelewana. Kwenye nai na piano ya peke yake wote wakanyooshea MODX. Mpiga besi wetu akasema neno ambalo nililiandika daftarini: "Hii nyingine sijui ni ipi, lakini noti hazikatiki." Yaani hata yeye alichokisikia ni ile nafasi, uzuri wa sampo ulipotelea njiani kati ya spika na kelele za watu.

Na mkono wangu ulipata tabu. Mimi mapigo yetu yote nimeyajenga kwenye Pattern ya MOX6, yaani mapigo yanayojirudia ndani ya kinanda, kila pattern ina section (vipande) 16, A mpaka P, na ninavyopiga chakacha, A ni ya kuanzia, nyingine za ubeti, za kibwagizo, za kupandisha watu wanapoanza kutunza, halafu za kufunga. Vidole vinajua zilipo, macho yangu yako kwa mwimbaji. MODX ilipotoka 2018 haikuwa na pattern kabisa, ikaja kuongezewa baadaye kwa programu mpya, na yenyewe kila pattern ina scene 8, ambazo ndizo section zake. Nane zinatosha kwa mtu anayeanza, kwangu mimi ilikuwa ni kukata mapigo yangu nusu au kuyagawa pattern mbili na kuruka katikati ya wimbo. Halafu skrini ya kugusa, tulikuwa na shughuli ya mchana kule Raskazone karibu na bahari, jua linapiga kwenye kioo sioni kitu, na vidole vina jasho. Kwa anayepiga ndani ya ukumbi usiku si tatizo.

Hapo ndipo swali likanyooka. Kilichokuwa kinaniumiza kwenye sauti kilikuwa polifoni na zile ifekti, na kwenye mkono nilikuwa nimeshajitibu, kwa hiyo nilichohitaji ni mashine inayoongeza nafasi bila kuninyang'anya mkono wangu. Na ipo, ni MOXF6 ya 2013, ambayo vijana hawaiulizii kwa sababu haina skrini ya rangi. Vifungo karibu vyote viko palepale, Master ile ile, Pattern ile ile ya section 16, polifoni 128, sehemu zinazobaki na ifekti ni 8 badala ya 3, kumbukumbu ya sauti mara mbili, na ina nafasi ya kadi ya flashi ya kuweka sampo zako mwenyewe, MOX6 haina hiyo. Niliipata kwa mtu wa Dar aliyehamia kwenye kompyuta, bei ilikuwa chini ya nusu ya ile MODX, nikaijaribu funguo moja moja hapo hapo kabla ya kutoa hela, pedo, matundu yote ya nyuma, gurudumu la pitch bend, lile la kupindisha noti, lirudi katikati. Ikapanda basi na mimi mpaka Tanga, nimeiweka miguuni safari nzima.

Mapigo niliyahamisha kwa waya wa MIDI, ile lugha ya vinanda kuzungumza, kinanda cha zamani kinapiga kipya kinarekodi, section moja baada ya nyingine. MIDI ni ya 1983 na bado inatufaa. Ni kazi ya jioni nyingi lakini ilinipa nafasi ya kusafisha vipigo vilivyokuwa vimepinda tangu zamani.

Wimbo wa kuingia bibi harusi sasa nakanyaga pedo bila hofu. Bi mkubwa wetu aliusikia mara ya kwanza kwenye harusi ya Barabara za Ngamiani, akageuka akanitazama katikati ya ubeti, akaendelea kuimba, na siku hiyo aliunyoosha ule ubeti wa mwisho kuliko kawaida yake.

Kijana mwenye studio, anayerekodi na kupiga piano peke yake kwenye hoteli, mimi namwambia kajikusanye anunue MODX, kwake ile sauti inamfikia msikilizaji moja kwa moja. Asiye na mapigo yoyote aliyoyajenga naye hana cha kupoteza kwenye zile scene 8, aanze nazo tu. Ila mwenye MOX6 na nyimbo zake zote zimo mle ndani, aje Makorora na daftari lake tukae tulipitie, na MOXF6 yangu ipo aijaribu kwa mkono wake kabla hajapanda basi la Dar.