Safari yangu kufuata njia ya Madame de Tourzel, mlezi wa watoto wa mfalme, kutoka Versailles mpaka Varennes

Watu wakienda Versailles, lile jumba la wafalme wa Ufaransa, wanaenda kuona ule ukumbi wa vioo na bustani, mimi nilienda kwa ajili ya mama mmoja anaitwa Madame de Tourzel, ambae wengi hata jina lake hawajawahi kulisikia. Mimi kazi yangu hapa Ubelgiji ni kulea watoto wa watu, mwaka wa ngapi sasa, na tangu niliposoma habari za huyu mama hakunitoka kichwani, ndio nikamwambia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yeye ndie mwenye gari, twende tukaifuate njia yake yote mpaka Varennes, ule mji alipokamatwa pamoja na familia ya mfalme wakitoroka Mapinduzi ya Ufaransa. Akakubali.

Kwanza niseme alikuwa nani. Louise-Élisabeth de Croÿ, kazaliwa Paris mwaka 1749 kwenye ukoo mkubwa kabisa, akaolewa na marquis de Tourzel, na huyo mume akafariki mwaka 1786 kwa ajali akiwa kwenye msafara wa kuwinda na mfalme, Louis wa 16. Kwa hiyo ni mjane, ana watoto wake, ana jina, ana mali, hana shida ya kutafuta kazi kwa mtu. Sasa mnielewe, mlezi wa watoto wa mfalme wa Ufaransa hakuwa mfanyakazi wa ndani kama sisi, ile ilikuwa ni moja ya nafasi za juu kabisa ambazo mwanamke angeweza kushika pale ikulu, anakula kiapo mbele ya mfalme, chini yake kuna manaibu walezi na kina mama wa kumhudumia mtoto, na analala chumba kimoja na mtoto au jirani kabisa. Mtoto wa kiume akitimiza miaka 7 anatolewa kwa wanawake anapelekwa kwa wanaume akafundishwe mambo yao, lakini mpaka hapo yeye ndie anaebeba dhamana ya roho ya yule mtoto.

Na dhamana yenyewe si maneno tu. Pale pale Versailles mwaka 1712 surua iliingia kwenye familia ya kifalme ikamuua mama, ikamuua baba, ikamuua na mtoto mkubwa, yote ndani ya wiki chache, na madaktari wa zama zile dawa yao kubwa ni kumtoa mgonjwa damu. Mlezi wakati ule alikuwa Madame de Ventadour. Alimchukua yule mdogo aliebaki, kana miaka miwili tu, akajifungia nae, akawakatalia madaktari wasimguse, akampa joto na uangalizi mpaka akapona. Yule mtoto ndie Louis wa 15, alitawala mpaka 1774, na maisha yake yote alimwita yule mlezi Mama Ventadour. Nilisimama kwenye vile vyumba nikawaza, mama mmoja kasema hapana kwa jopo zima la madaktari wa mfalme, na ikawa!

Basi Tourzel aliingia kwenye kazi hiyo wakati mbaya kuliko yeyote kabla yake. Bastille, gereza la mfalme pale Paris, imevamiwa tarehe 14 Julai 1789, mapinduzi ndio yameanza, siku mbili tatu baadae mlezi aliekuwepo, Duchess de Polignac, rafiki kipenzi wa malkia, kakimbia nchi. Malkia Marie Antoinette akamwita Tourzel. Kwenye jumba lile kuna ile picha kubwa aliyochora Vigée Le Brun mwaka 1787, malkia na watoto wake, yule mkubwa wa kiume anaonyesha kitanda kitupu cha mtoto mchanga alieshafariki, na huyo anaeonyesha nae akafariki Juni 1789. Kwa hiyo Tourzel alikabidhiwa wawili waliobaki, Marie-Thérèse wa miaka 10 na Louis-Charles wa miaka 4 na kitu, na huyu mdogo ndie sasa mrithi wa ufalme.

Kitu kilichonigusa mimi kama mlezi ni ile barua ambayo malkia alimwandikia Tourzel mwezi ule ule wa Julai kumweleza tabia za mtoto. Yani nchi inawaka moto na mama kakaa chini anaandika kwamba mwanangu ana afya nzuri lakini anashtuka sauti asizozizoea, anaogopa mbwa kwa sababu aliwahi kubwekewa karibu, akiahidi kitu anatimiza ila kusema samahani ni kazi kwelikweli, na siri hana, analolisikia analirudia na anaongeza na lake wala hana nia ya kudanganya. Mzazi yeyote alieniachia mtoto angeniandikia hivi ningemshukuru sana, maana mengi ya haya huwa nayagundua mwenyewe kwa tabu. Mtoto mwenyewe alimpachika Tourzel jina la Madame Sévère, yani bibi mkali. Lakini asubuhi ya tarehe 6 Oktoba pale watu wa Paris walipoingia ndani ya jumba, huyo bibi mkali ndie alimnyanyua mtoto kutoka kitandani akakimbia nae mpaka kwa mfalme. Siku hiyo hiyo familia yote ikahamishiwa Paris jumba la Tuileries na Versailles hawakurudi tena.

Tuileries yenyewe haipo, ilichomwa mwaka 1871 na magofu yakaja kubomolewa baadae, limebaki jina la bustani. Tukapita kwa miguu mpaka rue de l'Échelle, ni barabara ya kawaida tu, magari yanapita. Hapo karibu ndipo usiku wa tarehe 20 Juni 1791 Tourzel alikaa ndani ya gari la farasi la kukodi akiwasubiri mfalme na malkia watoroke, watoto anao yeye, mvulana kavalishwa gauni kama msichana na inasimuliwa alidhani wanaenda kuigiza mchezo. Mtoto akalala sakafuni ndani ya gari amefunikwa na sketi ya mlezi wake, na gari la Lafayette, kamanda wa walinzi, likapita pale pale na taa zake. Nikijiweka mimi pale, sijui kama ningeweza hata kupumua.

Na kwenye hati ya kusafiria, kwa majina ya bandia, Tourzel ndie bibi mkubwa, Baroness de Korff wa Urusi anarudi kwao na binti zake wawili. Malkia ndie mlezi wa watoto. Dada wa mfalme ni mhudumu, mfalme ni mtumishi wa kiume.

Sasa hapa ndipo penye ubishi. Jenerali Bouillé aliekuwa anawasubiri na askari huko mpakani alitaka ndani ya lile gari akae mwanaume mzoefu, mtu wa jeshi, ajuae kuamua mambo yakiharibika. Nafasi zilikuwa sita. Inasimuliwa kwamba Tourzel alikataa kutoka, akasema kiapo chake ni kutotengana na watoto, na mfalme hakutaka kumlazimisha, basi yule mwanajeshi hakuingia. Wapo wanaoandika mpaka leo kwamba mlezi mwenye kiburi cha cheo ndie aliewaponza.

Sisi tulitoka Paris asubuhi tukaacha barabara kuu ya kulipia, tukachukua njia ya zamani ya Meaux, Montmirail, Châlons. Bondy, alipoachana nao Fersen yule Mswidi aliewaendesha kutoka mjini, siku hizi ni kitongoji tu kimeungana na Paris. Baada ya Montmirail ni mashamba, mashamba, na anga kubwa, hakuna pa kujificha na gari kubwa lile la farasi sita, kila kituo wanabadilisha farasi na kila kituo kuna macho. Mdogo wangu katikati ya njia akaniuliza, "Dada, kwani huyu mama hakuwa na watoto wake?" Nikamwambia alikuwa nao, na binti yake Pauline aliishi nae pale pale ikulu, lakini kwenye gari hakuwemo. Akanyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo kamwacha wake akaenda na wa mwenzie." Ndio hivo. Sasa mtu wa namna hii unamwambiaje ashuke ampishe mwanajeshi?

Sainte-Menehould tukasimama kula. Mji unasifika kwa miguu ya nguruwe, sisi tukaagiza omleti. Hapa ndipo Drouet, msimamizi wa kituo cha farasi, alipomtambua mfalme, akaja kuwakimbilia mbele kwa farasi akapita njia za msituni. Kutoka hapo unaingia msitu wa Argonne na unaelewa kwa macho yako kwanini mtu mwenyeji na farasi wake aliwahi na gari zito halikuwahi.

Varennes ni mji mdogo sana, juu kuna kanisa, chini kuna mto Aire na daraja. Vita ya kwanza ya dunia ilibomoa karibu kila kitu, Wamarekani waliuchukua Septemba 1918 na mnara mkubwa wa ukumbusho wa watu wa Pennsylvania upo pale, lakini mnara wa saa utauona, hapo karibu ndipo waliposimamishwa usiku kama saa tano tarehe 21 Juni. Daraja lilishazibwa kwa mikokoteni, na askari wa kuwasaidia walikuwa ng'ambo. Wakaingizwa nyumbani kwa Sauce, muuza duka na kiongozi wa mji, watoto wakalazwa kitandani chumba cha juu. Nilizunguka pale nikijiuliza yule mwanajeshi angefanya nini. Angetoa upanga? Kengele zinalia, watu wanaongezeka kila dakika, ndani kuna watoto wawili wamelala. Mfalme mwenyewe hakutaka damu. Waliochelewa ni askari, walioboronga mipango ni wanaume wenye vyeo, halafu lawama anabebeshwa mlezi kwa sababu alikataa kuacha watoto! Sikubali na sitokubali.

Kurudi Paris kuliwachukua siku nne kwenye joto na vumbi, na wabunge wawili Barnave na Pétion wakaongezwa ndani ya gari lile lile, watoto wakapakatwa.

Tukamalizia Paris kwenye Square du Temple, bustani ya watoto kuchezea. Gereza la mnara wa Temple, ilikofungwa familia ya mfalme, lilikuwa hapo, Napoleon alilibomoa mwaka 1808. Tourzel aliingia nao Agosti 1792, hii safari na Pauline yupo, na baada ya siku chache wakatolewa usiku, yeye na binti yake na Princess de Lamballe, wakapelekwa gereza la La Force. Lamballe aliuliwa Septemba 3. Tourzel na Pauline walinusurika. Louis-Charles alifia Temple Juni 1795 na miaka 10, mlezi wake yuko hai na haruhusiwi kumwona. Miezi michache baadae ndio akaruhusiwa kumtembelea Marie-Thérèse, na Desemba yule binti alipoachiwa apelekwe Austria, Tourzel aliomba kusafiri nae. Wakamkatalia, kiti akapewa Madame de Soucy, aliekuwa naibu mlezi. Tourzel aliishi mpaka 1832, akapewa na cheo cha duchess, lakini mimi hilo la kiti cha 1795 ndilo linaniuma mpaka sasa, na nikirudi likizo nataka kwenda Montfort-l'Amaury alikofia.